Hati mbili za Yeremia: kuchagua programu ya pili ya kulinda kompyuta ya nyumbani

KAMINA, Haut-Lomami – Katika makanisa yetu mengi, ofisi ni meza moja ndani ya nyumba ya karani. Kompyuta iliyo juu ya meza hiyo inabeba orodha ya washiriki, ubatizo na ndoa, hesabu za sadaka na nyimbo za kwaya, pamoja na picha za familia na kazi za shule za watoto. Siku inapokufa, hasara ni ya nyumba nzima na ya kanisa zima.

Sisi tulijifunza hilo kwa uchungu. Tulikuwa na programu moja ya kuweka nakala za akiba, na tuliitumia kwenye disiki mbili. Kila juma ilituonyesha alama ya kijani, nasi tukalala kwa amani. Umeme ulirudi usiku mmoja kwa nguvu kupita kiasi, na kompyuta ikaungua. Tulipofungua disiki ya kwanza, folda ya ubatizo haikuwemo. Tukafungua ya pili, haikuwemo pia. Kosa lilikuwa letu: siku ya kwanza hatukuichagua folda hiyo, na programu ilitii kile tulichoiambia. Mama mmoja aliyekuja kutafuta cheti cha ubatizo cha mtoto wake tulimwomba arudi baada ya majuma matatu, tulipokuwa tukiandika upya majina kutoka vitabu vya karatasi.

Tulikuwa na disiki mbili, lakini kosa lilikuwa moja. Ndiyo sababu tunaandika juu ya programu ya pili.

Iwe ya aina nyingine

Katika Yeremia 32 tunasoma kwamba nabii alinunua shamba la Anathothi wakati Yerusalemu umezingirwa na Wababeli. Hati ya ununuzi ilikuwa na nakala mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, na Baruku aliagizwa aziweke zote katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Nakala hizo hazikufanana kwa kazi. Ya wazi ilisomwa kwa urahisi, na ile yenye muhuri ililindwa isiguswe.

Programu za nakala za akiba nazo ziko za namna hizo mbili.

Namna ya kwanza inafunga kila kitu, yaani Windows, programu na faili zote, ndani ya faili moja kubwa. Veeam Agent for Microsoft Windows ina toleo la bure linalofanya hivyo, na linaweza kutengeneza flashi ya kuamshia kompyuta isiyowaka. Faida yake ni kwamba disiki ya ndani ikifa, unaweka mpya na kurudisha mashine nzima kama ilivyokuwa. Udhaifu wake ni kwamba faili hiyo inafunguliwa na programu iliyoifunga.

Namna ya pili inakopi faili jinsi zilivyo. FreeFileSync ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Nakala zake unaweza kuzifungua kwenye kompyuta yoyote, hata kwa jirani, bila kuweka programu yoyote. Udhaifu wake ni kwamba hairudishi Windows. Tena ukichagua ifananishe pande mbili, faili uliyofuta kwa bahati mbaya inaweza kufutwa na kule kwenye nakala. Kwa hiyo iambie ihifadhi matoleo ya zamani katika folda ya pembeni.

Shauri letu ni hili: kama programu ya kwanza inafunga, ya pili iache wazi, na kama ya kwanza inakopi tu, ya pili ifunge mashine nzima. Zitoke kwa watengenezaji wawili tofauti. Macrium Reflect ilipendwa na wengi kwa sababu ya toleo lake la bure, lakini mtengenezaji alitangaza mwisho wake, na masahihisho ya usalama yalikoma mwanzoni mwa 2024. Aliyekuwa pia na nakala iliyo wazi hakuwa na sababu ya kuogopa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchagua

*Je, itatosha kwenye disiki yetu?* Flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Nakala ya mashine nzima inapita kiasi hicho. Tumia disiki ya nje iliyopangwa kwa NTFS au exFAT. Kumbuka kwamba kuipanga upya kunafuta kila kitu kilichomo.

*Je, inahitaji intaneti?* Duplicati ni programu ya bure inayofunga faili kwa neno la siri na kuzituma mbali, kwa mfano Google Drive, ambayo inatoa GB 15 bila malipo. Baada ya mara ya kwanza inatuma tu yaliyobadilika. Lakini mara hiyo ya kwanza inakula mega nyingi. Anza na folda ya vyeti na hesabu, picha zingoje. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi na kukabidhiwa watu wawili wa kuaminika. Likipotea, faili hazifunguki tena.

*Je, nani mwingine anajua kuitumia?* Karani anaweza kuhamishwa au kuugua. Programu ambayo mtu mmoja tu anaielewa ni hatari, hata ikiwa nzuri sana.

Zisigongane

Programu mbili zisifanye kazi kwa wakati mmoja. Tupange moja Jumatano, nyingine Jumamosi, saa ambayo umeme au sola ipo na betri imejaa, kwa maana nakala iliyokatika katikati haiaminiki. Kila moja iwe na disiki yake. Na kazi ikiisha, disiki ichomolewe. Mnamo Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga faili za kompyuta katika nchi nyingi na kudai malipo. Virusi vya namna hiyo vinafikia hata disiki iliyoachwa imechomekwa, na umeme unaorudi kwa nguvu unaifikia pia.

Moja ikae mbali

Kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine. Ndugu zetu wa Goma hawahitaji kuelezwa sababu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Uvira nao ulipigwa na mafuriko mwezi Aprili 2020. Disiki mbili katika kabati moja zinaungua pamoja na kuzama pamoja. Hapa Kamina, ambapo njia za reli zinakutana, disiki inaweza kusafiri na ndugu anayeaminika hadi Lubumbashi. Hata nyumba ya mzee wa kanisa katika mtaa mwingine ni bora kuliko kabati moja.

Jaribio la mwisho

Alama ya kijani si ushuhuda. Kila baada ya miezi mitatu, chagueni faili tatu: cheti kimoja, ukurasa wa hesabu, picha moja. Zirudisheni kutoka programu ya kwanza, kisha kutoka ya pili, kwenye kompyuta nyingine, na mzifungue kwa macho yenu. Jaribio hilo linachukua muda mfupi kuliko kikao cha kamati. Kama tungelifanya hata mara moja, yule mama angeondoka na cheti chake siku ileile.

Na vitabu vya karatasi visitupwe. Kwetu, ndivyo vilivyotuokoa.