Kuziba Kabla ya Kung'oa

Wahenga walisema dawa ya jino bovu ni kung'oa. Tumeizoea mno methali hiyo, hata tunaitumia katika mambo ya siasa na ya ndoa, wala hatujiulizi kwa nini wahenga waliona hivyo. Kwa maoni yangu jibu ni jepesi. Waling'oa kwa sababu hapakuwa na mtu aliyefundishwa kufanya lingine. Kwa hiyo historia ya masomo ya udaktari wa meno hunivutia sana, mimi niliyemaliza umri wangu wa kazi katika chuo cha ualimu.

Ulaya nako meno yalikuwa kwa karne nyingi kazi ya vinyozi na wang'oaji wa sokoni. Ujuzi ulikuwa siri ya mwenye nao. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alitoa kitabu cha juzuu mbili, akaeleza waziwazi namna ya kusafisha jino lililotoboka na kulijaza kwa bati, risasi au dhahabu. Aliikataa pia imani kwamba jino huliwa na mdudu, imani ambayo hata kwetu haijafa. Fauchard mwenyewe hakuwa na shahada ya meno, kwani shahada hiyo ilikuwa haijazaliwa.

Ilizaliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1840, Horace Hayden na Chapin Harris walipoanzisha chuo cha kwanza cha elimu hiyo duniani. Darasa lilikuwa na wanafunzi watano. Wawili wakahitimu mwaka 1841. Huenda msomaji akacheka. Mimi sicheki, maana najua tofauti ya fundi na mwalimu. Anayejifunza kwa fundi mmoja hurithi ustadi wake pamoja na makosa yake. Darasani mwanafunzi huambiwa sababu, na sababu inaweza kuulizwa na kupingwa.

Lakini mlango wa shule haukuwa wazi kwa wote. Lucy Hobbs alikataliwa kwa kuwa ni mwanamke. Akajifunza kwa faragha, akafanya kazi, hatimaye akapokelewa Ohio na kuhitimu mwaka 1866. Robert Tanner Freeman, ambaye wazazi wake waliwahi kuwa watumwa, alihitimu Harvard mwaka 1869. Kisha mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyefundisha Berlin, alieleza kwamba vijidudu vya kinywani hugeuza sukari na wanga kuwa asidi, na asidi ndiyo hulila jino. Kumbe waliosema mdudu hawakuwa mbali sana na ukweli. Mdudu mwenyewe tu ndiye hakuonekana kwa macho.

Habari hizo zilichelewa kufika kwetu. Marehemu mama yangu aliingia uzeeni bila meno ya mbele. Yote yaling'olewa moja baada ya jingine, na sina hakika kwamba yote yalistahili kung'olewa. Aliyekuwa karibu alikuwa na koleo, na koleo hujua kazi moja tu.

Mwaka 1979 masomo ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili, wakati huo ikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kozi ni ya miaka mitano. Kijana husoma kwanza mwili mzima, kama daktari mwingine yeyote, kwa kuwa jino halikuota peke yake. Kisha hufanya mazoezi kwenye meno ya mfano, na mwishowe humhudumia mgonjwa chini ya jicho la mwalimu wake. Sisi nasi tuliwapeleka wanachuo wetu kwenye mazoezi ya kufundisha kwa sababu hiyo hiyo. Ila mwalimu akikosea ubaoni hufuta, na jino lililochimbwa kupita kiasi halirudi.

Bado watu wengi huenda hospitali jino limekwisha kuoza kabisa, na hapo hata msomi hushika koleo. Hiyo si hoja ya kudharau shahada yake. Fundi huuliza jino lipi linauma. Msomi huuliza kama laweza kuokolewa. Jino la pembe si dawa ya pengo, na swali hilo la pili ndilo linalostahili miaka mitano ya kijana.