Asili na Maana ya Neno Vasali

Mwenye kufasiri historia ya ukabaila wa Ulaya kwa Kiswahili hana budi kukwama penye neno vasali. Je, amwite mtumwa, mtwana au kibaraka? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hili lilizaliwa katika utumishi wa chini, lakini maana yake ya kihistoria si utumwa.

Vassal ni neno la Kifaransa litokanalo na vassallus la Kilatini cha Enzi za Kati, nalo limenyambuliwa kutoka vassus. Hilo la mwisho si Kilatini asilia, bali limetoka kwa Waselti. Ndugu zake wangali hai: gwas katika Kiwelisi ni kijana wa kiume au mtumishi, gwaz katika Kibretoni ni mwanamume au mume. Njia hiyo ya ujana kuelekea utumishi si ngeni kwetu, maana wakati wa ukoloni mtu mzima mwenye wana aliitwa boi.

Katika sheria ya Wafranki Wasali, ya karne ya 6, vassus ametajwa miongoni mwa watumwa. Lakini tarehe za kifalme za Wafranki, zilizoandikwa miongo kadhaa baada ya tukio, zasimulia kwamba mwaka 757 Tassilo, mtawala wa Bavaria, alijiweka mikononi mwa mfalme Pippin na kuapa kuwa vasali wake. Hata kama waandishi walitia chumvi, yatosha kwamba neno hilo liliweza kumfaa mtawala. Aliyetumikiwa alikuwa mfalme, na utumishi wenyewe ulikuwa wa silaha; hivyo heshima ya bwana ikamfunika mtumishi.

Si kila tawi la shina hili lililopanda. Vaslet, yaani vasali mdogo, lilizaa valet, ambalo hata leo ni mtumishi wa kumvika bwana. Vivyo hivyo, knight la Kiingereza lilianza kwa maana ya kijana au mtumishi, likapanda cheo. Knecht la Kijerumani, nduguye, likabaki chini.

Kwa hiyo anayefasiri vasali kwa mtumwa anafasiri asili ya neno, si maana yake. Kibaraka nalo lina dharau, tena halionyeshi wajibu wa bwana. Naona yafaa tuliazime vasali lenyewe na kulieleza mara ya kwanza: mtu huru aliyemwapia bwana utumishi na uaminifu, naye bwana akawiwa kumlinda. Tukilikosea neno hili moja, msomaji atadhani ukabaila wa Ulaya ulisimama juu ya mabwana na watumwa tu, na mkataba baina ya wakubwa wenyewe hatauona.