Taarifa zinazozuiliwa (Tanzania)

Taarifa zinazozuiliwa ni taarifa ambazo ofisi ya umma, chuo kikuu cha serikali kikiwamo, inaweza kukataa kumpa mwananchi anayeziomba. Msingi wake ni kifungu cha 6 cha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, kinachotaja, pamoja na mengine, usalama wa taifa, uchunguzi unaoendelea, faragha na maslahi halali ya kibiashara. Faili la matibabu la mwanafunzi hulindwa na faragha. Kipengele cha biashara ndicho kizito Mtwara, penye gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982: takwimu za visima ambazo kampuni imempa mtafiti wa chuo zaweza kuangukia hapo. Zuio halisimami manufaa ya umma yakihalalisha kutoa taarifa.