Ndizi Kando ya Pasta

Mara ya kwanza kuwekewa ndizi kando ya pasta, nilidhani mhudumu amekosea meza. Ilikuwa Isli, ghorofa ya pili, saa saba mchana, na hoteli ilikuwa imejaa hadi ngazini. Nikamwita. "Boss, sikuitisha matunda." Akacheka. "Hiyo inakuja na basta. Unakata, unachanganya, unakula." Nikakata, nikachanganya. Utamu wa ndizi ukakutana na pilipili na nyama ya ngamia, nikanyamaza.

Mwaka huo nilikuwa nimejiwekea ahadi ya kuzunguka dunia bila pasipoti. Nchi moja kila mwezi, elfu moja mfukoni, nauli ya mat ikiwemo. Pesa za kwenda Roma sina, za Addis pia sina, lakini Nairobi ina kila kitu, si ndiyo? Nilidhani ningeandika kuhusu ladha tu. Badala yake kila sahani ilinirudisha kwenye swali moja: hawa watu walifikaje hapa, na nani aliwaruhusu kukaa?

Tuanze na hiyo basta. Neno ni la Kiitaliano, pasta, ila Kisomali hakina sauti ya p, kwa hivyo likawa baasto. Mchuzi wake ni suugo, kutoka sugo ya Kiitaliano. Italia ilitawala kusini mwa Somalia tangu mwisho wa karne ya 19 hadi Vita vya Pili vya Dunia, ikarudi 1950 kama msimamizi chini ya Umoja wa Mataifa, ikaondoka 1960. Katikati ya hayo yote kulikuwa na mashamba makubwa ya ndizi kando ya mito Juba na Shabelle, ndizi za kupelekwa Italia. Mkoloni alienda. Pasta na ndizi zikabaki, na Wasomali wakazifanya zao.

Halafu 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka, vita vikaanza, na watu wakavuka mpaka. Wengi walikuja Isli, kwa sababu Wasomali Wakenya walikuwa tayari wanaishi hapo. Kuna lojing iliyoitwa Garissa Lodge ambapo wakimbizi walilala na kuuza bidhaa kwenye vyumba hivyo hivyo. Polepole vitanda vikatoka, mali ikajaa, na lojing ikawa soko. Maduka makubwa unayoyaona Isli leo yana babu yao hapo.

Mwezi uliofuata nilienda kula injera upande wa Hurlingham. Injera hutengenezwa kwa unga wa teff uliochachushwa kwa siku kadhaa, na huliwa na wengi kwenye sinia moja. Italia ilitaka Ethiopia pia. Ikapigwa Adwa mwezi Machi 1896. Mwaka huo huo, huku kwetu, Waingereza walianza kutandaza reli kutoka Mombasa. Ethiopia ilikuja kutawaliwa na Waitaliano miaka mitano tu, 1936 hadi 1941, na ukiuliza mezani watakuambia hapana, tulivamiwa, hatukutawaliwa. Waethiopia waliokimbilia Nairobi wengi walikuwa wakimkimbia mtu wao wenyewe, Mengistu, baada ya mapinduzi ya 1974. Cha ajabu, Mengistu naye alipotoroka Mei 1991, alipitia Nairobi akielekea Zimbabwe. Mji huu humpokea anayekimbia, halafu humpokea aliyemkimbiza.

Mwezi wa tatu nilitaka chakula cha Kihindi. Mathe akaniuliza, "Unaenda kununua chapati ambayo iko hapa jikoni?" Ati kweli. Reli ile ililetewa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa kabla haijafika Kisumu 1901. Wengi walirudi kwao, ila elfu kadhaa walibaki. Leo hakuna Krismasi kwetu bila chapo, na hakuna anayesema tunakula chakula cha kigeni. Lakini wenye chapo yenyewe? Mwishoni mwa miaka ya 60, sheria za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana Wahindi wasio na uraia, na maelfu wakapanda ndege kwenda Uingereza. Ilibidi wangoje hadi Julai 2017 ndipo serikali iwatangaze kuwa kabila la 44 la Kenya. Chapo ilipata uraia zamani sana kabla yao.

Na usijivunie ugali. Mahindi asili yake ni Marekani ya Kati, yakafika pwani yetu baada ya Wareno. Kabla yake mababu walisonga wimbi na mtama.

Siku moja nilichora kwenye daftari ramani ya hoteli nilizokula. Nikaona kitu. Chakula cha Kihindi kimejaa Ngara na Parklands, cha Kisomali Isli, mikahawa ya Kizungu iko upande wa magharibi wenye miti. Hii si bahati. Mkoloni ndiye aliyegawa mji: Wazungu huku, Wahindi kule, Waafrika Pumwani na Kariokor. Nilidhani nafuata tumbo langu, kumbe nafuata mistari ya mtu aliyekufa zamani.

Sasa niseme kile nilichokuwa nakwepa. Ile siku ya ndizi haikuwa mara yangu ya kwanza kula chakula cha Kisomali. Shuleni nilikaa dawati moja na kijana wa Isli. Siku za kutembelewa, mamake alileta sambusa za nyama, moto ndani ya foili, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aprili 2014 serikali ikaanzisha Operesheni Usalama Watch. Maelfu wakakamatwa, wengi Isli, na uwanja wa Kasarani ukawa mahali pa kuwachuja. Muhula wa pili ulipofunguliwa, dawati lilikuwa tupu upande mmoja kwa wiki mbili. Aliporudi, mtu wa nyuma akapiga kelele, "Al-Shabaab amerudi!" Darasa likacheka. Nilicheka pia. Sikumuuliza alikuwa wapi. Siku ya kutembelewa iliyofuata, sambusa zilikuja, nikala.

Baada ya ile pasta nilitafuta namba yake nikamwandikia. Alijibu siku ya nne: "Poa. Lakini wewe ndiye unalipa." Tulikutana hoteli ile ile. Alinicheka nilivyokata ndizi, akanionyesha namna ya kukunja pasta kwa vidole bila kudondosha suugo kwenye shati. Tuliongea kazi, kodi ya nyumba, Arsenal. Chai ya maziwa ya ngamia ilipofika ndipo akaniambia. Babake alikaa Kasarani siku tisa, na kitambulisho cha Kenya mfukoni.

"Mimi nilidhani hamkugundua sikuwepo," akasema.

Nikamwambia tuligundua.

Akakoroga chai muda mrefu. Kisha akamwita mhudumu, akaagiza sambusa nne, akasukuma sahani katikati ya meza.

"Kula basi," akasema. "Hizi si za mamangu, lakini zinakaribia."