Kipusa na Safari ya Kurudi

Neno kipusa lina maana mbili katika Kiswahili: pembe ya faru, na msichana mwenye sura nzuri. Maana hizo hukutana katika thamani, kwani kilicho adimu hutafutwa na wengi. Kwa karne nyingi vipusa vilishuka pwani kutoka bara, vikapakiwa majahazini pamoja na pembe za ndovu. Katika miaka ya 1970, neema ya mafuta ya Ghuba iliwapa vibarua wa Yemeni fedha za kununulia majambia yenye vipini vya pembe hiyo, na nyika za Afrika Mashariki ndizo zilizolipa.

Mkoa wa Simiyu, wenye makao makuu Bariadi, unapakana na Serengeti. Huko liko Pori la Akiba la Maswa, na si mbali nalo yapo majabali ya Moru. Faru weusi wa Serengeti, waliohesabiwa kwa mamia mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliteketezwa na majangili hata Moru ikabakiwa na majike wawili, bila dume. Walikuwa hai, lakini kizazi chao kilikuwa kimefika ukingoni.

Ndipo, katikati ya miaka ya 1990, dume mmoja akatoka Ngorongoro kwa miguu yake, akavuka mbuga na kuwafikia. Askari wa hifadhi walimwita Rajabu. Kwa dume huyo uzazi ulianza upya. Mwaka 2010 wakaletwa kwa ndege faru watano kutoka Afrika Kusini, wajukuu wa faru waliohamishwa kutoka Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kabla mwaka haujaisha, mmoja wao, George, aliuawa na majangili.

Visiwani twamjua mnyama mwingine aliyerudi. Nyangumi wenye nundu, wapitao Kizimkazi kila kipupwe, walipigwa marufuku kuwindwa katika bahari za kusini mwaka 1963, na walipoachwa hatimaye wakaongezeka. Faru hakupata bahati hiyo. Kumwacha peke yake ni kumwua. Hurudi tu pale anapolindwa usiku na mchana. Duniani kote faru weusi walishuka kutoka takriban 65,000 mwaka 1970 hadi karibu 2,400 mwaka 1995; leo wamezidi 6,000.

Ulinzi huo una gharama, na si yote ilipwayo na serikali au wafadhili. Mfugaji wa Meatu ambaye ng'ombe wake wamekosa malisho wakati wa kiangazi huutazama mpaka wa pori kwa jicho jingine. Mkulima wa Bariadi hukesha akiwafukuza ndovu shambani. Faida ya kipusa ilikwenda mbali, kwa wafanyabiashara wasioijua Moru. Ikiwa faida ya faru aliye hai nayo itawapita watu wa Simiyu, ulinzi utabaki kazi ya bunduki peke yake, na bunduki haikuweza kumwokoa George.