Homa isiyoisha, mgongo, jasho la usiku: kumbe si kila kitu malaria na taifodi

Leo naandika juu ya ugonjwa ulionitesa miezi kumi na nne, na ambao nikiuliza vijiwe vyote vya hapa Karatu, watu wanaujua kwa ng'ombe lakini kwa binadamu hawaujui. Unaitwa brusela. Wafugaji wengi wanauita ugonjwa wa kutupa mimba, maana ndivyo unavyowafanya wanyama.

Nilimaliza kidato cha nne, nikawa nyumbani nasaidia kuchunga huku nasubiri mambo yakae sawa. Ikaanza homa ya jioni. Asubuhi mzima kabisa, saa kumi na moja jioni natetemeka. Usiku jasho mpaka shuka unalikamua. Wiki mbili inaondoka, nasema nimepona, halafu inarudi. Baadaye kiuno kikaanza, magoti, uchovu wa ajabu, na moyo kuwa mzito tu bila sababu. Mzee akaamua mimi ni mvivu. Sikumlaumu sana, maana mgonjwa ambaye asubuhi anakula ugali sahani mbili nani atamwamini?

Zahanati ya kwanza wakanipa dawa ya malaria. Ya pili taifodi. Ya tatu malaria NA taifodi kwa pamoja, hahaha, hiyo wengi wenu mnaijua. Kipimo chao cha taifodi kilikuwa ile Widal, ambayo ukipimwa mara moja tu haiaminiki, kwa sababu inaweza kusoma kinga za zamani zilizobaki mwilini ukaambiwa unaumwa sasa hivi.

Na hili si langu peke yangu. Kuna utafiti uliofanyika Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, mwaka 2007 na 2008, ukachapishwa 2013. Walichukua wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Walioandikiwa malaria walikuwa 528. Waliothibitika kweli kuwa na malaria? 14. Someni tena hiyo namba. Katika waliobaki, homa nyingi zilitokana na magonjwa ya kutoka kwa wanyama, brusela ikiwemo.

Huku kwetu Ngorongoro nako wamepima. Hospitali ya Endulen, kati ya Agosti 2016 na Oktoba 2017, watu 230 wenye homa walichunguzwa, 14 wakakutwa na brusela. Unaweza kusema ni wachache, lakini katika vijidudu vilivyooteshwa kutoka kwenye damu, hivyo ndivyo vilikuwa vingi kuliko vingine vyote. Na karibu vyote vilikuwa aina ya brusela inayopenda mbuzi na kondoo, siyo ng'ombe. Waliokuwa kwenye hatari zaidi ni wenye umri mdogo na wanaochunga. Yaani sisi.

Sasa mtu anaupataje? Maziwa mabichi, hiyo ndiyo njia inayojulikana. Lakini kwangu mimi nadhani ilikuwa ile ya pili: kushika mnyama anayezaa au aliyetupa mimba. Maji ya uzazi, kondo la nyuma, kitoto kilichokufa, vyote vimejaa vijidudu, na vinaingia kwenye mchubuko wa mkono, machoni, hata kwa kuvuta hewa. Mwaka ule mbuzi wetu watatu walitupa mimba. Nani alikwenda kutupa vile vitoto porini kwa mikono mitupu? Mimi. Halafu usiku wenye baridi unawalaza wadogo ndani mnamolala, kama kawaida ya huku. Kutoka mtu kwenda mtu ni nadra sana, kwa hiyo msiwatenge wagonjwa wenu.

Aliyenishtukia ni daktari mmoja mama wa makamo. Hakuanza na kipimo, alianza na maswali.
"Mwanangu, nyumbani mnafuga?"
"Ndiyo dokta, mbuzi na ng'ombe."
"Kuna aliyetupa mimba?"
Nikanyamaza. Miezi kumi na nne hakuna aliyewahi kuniuliza hilo, na mimi nisingelitaja, kwani mbuzi na kiuno changu vinahusianaje?

Kuhusu vipimo muwe macho. Kuna kile cha haraka cha kuchanganya tone la damu na dawa ya rangi kwenye kigae. Utafiti uliofanyika Kenya uligundua kwamba aina inayotumika sana vituoni inawaambia watu wengi wana brusela wakati hawana. Kwa hiyo ukikuta chanya uliza kama kuna kipimo cha kuhakikisha. Kuotesha damu ndiyo uhakika, ila kunaweza kuchukua wiki na maabara nyingi hazina. Na daktari mzuri ataangalia pia kifua kikuu, maana cha uti wa mgongo kinafanana mno, na VVU, na sukari.

Dawa zipo na si za ajabu. Kawaida ni doksisaiklini wiki 6, pamoja na sindano za streptomaisini wiki 2 au 3, au rifampisini wiki 6. Wajawazito na watoto wadogo wana mpango wao tofauti. Tafadhali usizinunue dukani kwa kukisia: streptomaisini inaweza kuharibu masikio, na rifampisini ndiyo dawa ya TB, ukiichezea unajiharibia. Mimi wiki ya pili nilijisikia mzima nikataka kuacha. Mama alikuwa anahesabu vidonge kila jioni kama karani wa benki. Ukikatisha, homa inarudi.

Huyo mama naye ana habari yake. Mwaka 2011, mimi nikiwa mdogo, alipanda gari hadi Samunge kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, Babu wa Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa ajili ya mgongo wake. Siwacheki walioenda, foleni ile ilikuwa ya watu waliozunguka hospitali miaka bila jibu. Mzee yule alifariki 2021. Mgongo wa mama unauma mpaka leo, na hajawahi kupimwa brusela. Nimemwambia twende wote mwezi huu, anasema tusubiri vitunguu vya Mang'ola viuzwe kwanza.

Nyumbani sasa maziwa tunachemsha mpaka yapande, hata ya kugandisha, mzee analalamika ladha imepotea. Mbuzi akitupa mimba nafunga mifuko ya nailoni mikononi, tunachimba shimo refu, tunafukia. Chanjo ya binadamu haipo, ya mifugo ipo, na bwana mifugo nimemfuata mara mbili bila kumkuta. Kama kuna mdau wa Karatu, Mbulu au Endulen aliyewahi kuchanjia mbuzi wake, aandike hapo chini alipata wapi na kwa bei gani.