Jeni na ua la mgomba

Ua la mgomba huundwa na jeni zinazowashwa na kuzimwa kwa zamu katika ncha ya ukuaji, ambayo iko chini karibu na ardhi, si juu kwenye majani. Mgomba ukikomaa, ncha hiyo huacha kutoa majani na kuanza mkungu, ambao hupanda ndani ya shina kabla ya kuchomoza. Mkulima anapouona, chane zimekwisha kupangwa.

Mwaka 1991 Enrico Coen na Elliot Meyerowitz, waliochunguza mimea isiyo na kazi jikoni, Arabidopsis na Antirrhinum, walieleza mpango wa makundi matatu ya jeni. Kundi A peke yake huunda sepali. A na B, petali. B na C, stameni zenye chavua. C peke yake, kapeli, makao ya mbegu. Jeni ya C ikiharibika, mahali pa stameni huota petali.

Mgomba hauufuati mpango huo sawasawa. Sepali na petali zake hazitofautiani vizuri: vipande vitano vimeshikana, cha sita kimebaki peke yake. Tena kila ua huanza na viungo vya jinsia zote mbili. Kwenye chane za kwanza ovari hurefuka na stameni hudumaa, na ovari hizo ndizo ndizi tunazokula. Mbele zaidi mambo hugeuka, ndiyo maua dume ya lile tumba la zambarau ambalo Waganda huliita empumumpu.

Tumba hilo lina balaa lake. Makovu ya maua dume yaliyodondoka huingiza bakteria wa mnyauko, ugonjwa ulioripotiwa Uganda mwaka 2001 wilayani Mukono, mashariki ya Kampala. Wakulima hushauriwa kulivunja kwa mti wenye panda. Panga huhamisha ugonjwa.

Maua jike ya matoke, ndizi za kupika, huzaa bila kuchavushwa, na kwa kuwa yana seti tatu za kromosomu, mbegu ni adimu. Uzuri kwa mlaji, taabu kwa mzalishaji wa aina mpya. Huko Kawanda, kaskazini ya Kampala, watafiti wa mashirika ya utafiti wa kilimo NARO na IITA hupaka kwa mkono chavua ya ndizi mwitu Calcutta 4, kisha hulea viinitete vichache vinavyopatikana ndani ya chupa za maabara. Katika kazi hiyo ndefu ilitoka aina mpya, Kabana 6H, maarufu kama Kiwangaazi, iliyofikishwa kwa wakulima mwaka 2010.